Njia ya Baghala: Kilomita 297 za Changarawe Kando ya Mto Potomac

Katikati ya jiji la Washington, pale kijito cha Rock Creek kinapomwaga maji yake kwenye Mto Potomac, nyuma ya banda la kukodisha mitumbwi, kuna nguzo fupi yenye alama ya sifuri. Mwendesha baiskeli akianzia hapo na kushika uelekeo wa kaskazini-magharibi, anaweza kwenda kilomita 297 hadi mji wa Cumberland, ulio milimani katika jimbo la Maryland, bila kubanwa na gari hata moja. Atavuka vibarabara vya mashambani hapa na pale, basi. Saa nyingi atakuwa na mto mkono wa kushoto, mfereji wa zamani mkono wa kulia, matawi ya miti juu ya kichwa, na chini ya tairi udongo ulioshindiliwa na kokoto zilizosagwa.

Hii ndiyo njia ya Chesapeake and Ohio Canal, ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi C&O. Tangu 1971 ni hifadhi ya taifa ya kihistoria, nyembamba na ndefu, inayoufuata mto kupitia mashamba, misitu na vijiji vilivyoshuhudia mengi katika historia ya nchi ile.

Haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ilitengenezwa kwa ajili ya baghala, mnyama anayezaliwa na farasi jike kwa punda dume. Kwa miongo mingi baghala walitembea juu yake wakikokota mashua za makaa ya mawe kwa kamba ndefu. Baghala hataki mwinuko mkali wala utelezi, na akiwa na tani zaidi ya 100 nyuma yake hana haraka. Wahandisi walimpa alichohitaji: ardhi tambarare inayopanda polepole mno. Kutoka Georgetown, kitongoji cha Washington, hadi Cumberland, mfereji wote unapanda mita 184 tu, yaani chini ya mita moja kwa kila kilomita. Kwa hiyo mzee aliyestaafu na mjukuu wake wa shule ya msingi wanaweza kuendesha pamoja siku nzima, na asiwepo wa kumsubiri mwenzake juu ya kilima.

Uendeshaji baiskeli kwenye changarawe umeshika kasi Marekani na Ulaya katika miaka ya karibuni, na sababu kubwa ni kuikimbia lami. Barabara zimejaa magari, madereva wanachungulia simu, na mtu aliye juu ya magurudumu mawili ndiye anayelipa kwa mwili wake. Mashindano nayo yamekuwa makubwa. Yale ya Emporia, Kansas, ambayo leo huitwa Unbound Gravel, yalianza 2006, na mwaka 2022 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe huko Veneto, Italia. Afrika Mashariki haikubaki nyuma: tangu 2021 Kenya imekuwa na Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa miongoni mwa waliowafungulia vijana wa ukanda huu mlango wa mchezo huo, hadi alipofariki katika ajali ya mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Baiskeli ya changarawe kwa macho hufanana na ile ya mashindano: fremu nyepesi, usukani uliopinda kuelekea chini. Tofauti iko kwenye tairi. Baiskeli ya lami hutumia tairi za milimita 25 hadi 32, na hii huvaa za milimita 35 hadi 50, tena zenye upepo kidogo. Tairi iliyolegea kiasi huilalia kokoto badala ya kuirukia, kwa hiyo mkono haufi ganzi na gurudumu la nyuma halichezi ovyo. Breki ni za diski, zinazoshika hata kwenye matope. Gia zake ni nyepesi, na fremu ina matundu mengi ya skrubu ya kufungia keria, chupa na mikoba. Lakini kwa njia ya Potomac hakuna ulazima wa kununua kitu kipya. Baiskeli yoyote nzima yenye tairi nene kidogo, kengele na madigadi itafika Cumberland.

Wazo la kuufanya Potomac kuwa njia ya biashara lilianza mapema. George Washington, kabla hajawa rais, aliongoza Kampuni ya Patowmack, iliyoundwa 1785 ili kuchimba mifereji mifupi ya kukwepa maporomoko. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa waliokodishwa kutoka kwa mabwana zao. Mifereji ile haikutosha. Mto ulikauka kiangazi na kufurika masika, na mashua zikabaki kubahatisha.

Ndipo ukaja mpango wa mfereji mmoja mrefu. Tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams alishika sepetu mbele ya umati ili kuchimba udongo wa kwanza. Sepetu ikagonga mzizi. Akajaribu tena, mzizi ukagoma. Rais akavua koti, akapiga kwa nguvu zote, udongo ukatoka na watu wakashangilia. Siku hiyohiyo mjini Baltimore, kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, mzee Charles Carroll, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa bado hai kati ya waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, alikuwa akizindua ujenzi wa reli ya Baltimore and Ohio. Kazi zote mbili zililenga kulekule, bonde la Mto Ohio, ng'ambo ya milima. Mahali paitwapo Point of Rocks, ambapo mlima umeukaribia mto na kuacha ukanda mwembamba tu, kampuni hizo mbili zilipelekana mahakamani kugombea nafasi ya kupita. Mfereji ulishinda kesi mwaka 1832, lakini reli ndiyo iliyoshinda mbio. Treni ilifika Cumberland mwaka 1842. Maji ya mfereji yalifika 1850, kwa gharama ya takriban dola milioni 11, na hayakusogea tena hatua moja zaidi. Ohio ilibaki kwenye jina la kampuni.

Waliochimba wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na wengine Ujerumani, Uingereza na Wales. Zana zao zilikuwa sepetu, sururu na baruti. Kipindupindu kilipopiga mwaka 1832, kilizivamia kambi zao, na waliosalia hai wengi walikimbia. Mishahara ilipochelewa walipigana, mara na wakandarasi, mara wao kwa wao. Mtu anayependezwa na ukuta mzuri wa mawe pale kando ya njia anapaswa kukumbuka kwamba ulijengwa na watu wenye njaa.

Na kuta zenyewe ni za kutazama kwa makini. Mfereji una malango 74 ya kupandishia mashua. Kila lango ni chumba kirefu cha mawe kisicho na paa, chenye milango miwili ya mbao kila mwisho. Mashua inayopanda huingia, milango ya nyuma hufungwa, kisha vishimo vidogo vya milango ya mbele hufunguliwa na maji ya juu kumiminika ndani. Maji yakijaa, mashua imepanda kama mita mbili na nusu, na milango ya mbele hufunguka. Milango hukutana kwa pembe inayoelekea upande maji yanakotoka, hivyo kadiri maji yanavyosukuma ndivyo inavyozidi kujibana. Hakuna injini, hakuna umeme. Mlinzi wa lango alisukuma mti mrefu wa mlango kwa mgongo wake, usiku na mchana, na kampuni ilimpa nyumba na kipande cha bustani.

Anayeshuka kwenye baiskeli na kupapasa kona za mawe hayo ataona mifuo laini, mingine ya kuingiza kidole. Ni kamba za mashua zilizoikata, zikipita na mchanga na maji, safari baada ya safari. Kwenye baadhi ya mawe kuna alama ndogo za patasi: mstari, pembe, nyota. Hizo ni saini za waashi, waliochora alama zao kwenye jiwe walilolichonga.

Familia nzima ziliishi kwenye mashua. Baba alikuwa nahodha, mama alipika na kushika usukani, na mtoto alitembea na baghala njiani, mara nyingi pekupeku. Kwa kawaida kulikuwa na jozi mbili za baghala. Jozi moja ilivuta kwa saa sita, na nyingine ilipumzika kwenye kibanda cha mbele ndani ya mashua hiyohiyo. Biashara ilishamiri zaidi miaka ya 1870, makaa ya mawe ya Cumberland yakishuka kwa mamia ya maelfu ya tani kila mwaka. Kisha mafuriko ya 1889 yakabomoa kingo, kampuni ikafilisika, na mfereji ukaangukia mikononi mwa mpinzani wake, reli. Mafuriko mengine ya 1924 yaliukomesha kabisa.

Mwaka 1938 serikali ya Marekani iliununua kwa dola milioni 2. Vijana weusi waliokuwa kwenye kambi mbili za kikosi cha kazi cha serikali, Civilian Conservation Corps, walitengeneza upya sehemu ya chini, ile iliyo karibu na Washington, wakiziba nyufa na kurudisha malango. Jasho lao halitajwi vya kutosha.

Hatari kubwa kuliko mafuriko ilikuja miaka ya 1950, na ilikuwa gari. Ulitolewa mpango wa kujenga barabara ya kifahari juu ya mfereji na njia yake, ili wenye magari wajionee mandhari ya Potomac kupitia dirishani. Januari 1954 gazeti la Washington Post liliandika tahariri kuunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mpenda milima na misitu, akalijibu gazeti kwa barua. Hakuwatukana wahariri. Aliwaalika watembee naye njia yote kwa miguu, waone wenyewe kinachotaka kuzikwa chini ya lami, kisha waandike wanachoona ni haki.

Wahariri walikubali. Tarehe 20 Machi 1954 msafara uliondoka Cumberland, Douglas mbele, mtu wa miaka 55 mwenye hatua ndefu zilizowatoa vijana pumzi. Kulikuwa na baridi na theluji. Watu 58 walishiriki, wengine siku moja, wengine zaidi, huku vijiji vya njiani vikiwapokea kwa chakula. Malengelenge yakaanza kuwatoa mmoja mmoja. Walipoingia Washington baada ya siku nane, waliokuwa wametembea njia yote walikuwa tisa tu, jaji akiwa mmoja wao. Gazeti lilibadili msimamo wake. Lakini ushindi haukuja siku ile: mwaka 1961 Rais Eisenhower aliutangaza mfereji kuwa kumbukumbu ya taifa, na ni tarehe 8 Januari 1971 Rais Nixon alipotia saini sheria ya kuufanya hifadhi kamili. Miaka 17 ya barua, vikao na matembezi. Douglas na wenziwe walirudi njiani mara kwa mara katika miaka hiyo, na bila ung'ang'anizi wao leo kungekuwa na barabara nyingine tu ya magari.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Kilomita 23 za kwanza zinafika Great Falls, ambako Potomac unaporomoka zaidi ya mita 20 kwa umbali mfupi, ukivuma kati ya majabali. Hapo mfereji unapanda kwa malango sita yaliyokaribiana. Mwishoni mwa wiki huwa pamejaa familia kutoka jijini, na mwendesha baiskeli hupita taratibu kengele mkononi. Baada ya hapo watu hupungua. Korongo wa kijivu husimama kwenye maji mafupi wakingoja samaki, kobe hujipanga juu ya magogo kuota jua, na kulungu hukatiza njia asubuhi bila wasiwasi mkubwa.

Kwenye kilomita ya 68 kuna daraja la Monocacy, na hili si daraja la watu wala magari: ni daraja la maji. Mfereji wenyewe ulipita juu ya mto mwingine kwa matao saba ya mawe yaliyokamilika 1833. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanajeshi wa majimbo ya Kusini walitaka kulilipua mwaka 1862, wakashindwa. Limekumbwa na mafuriko makubwa mara nyingi na bado limesimama. Afadhali kuliona kutoka chini, ukingoni, kuliko kulipita kwa haraka juu.

Karibu na kilomita ya 98, ng'ambo ya mto, ndipo ulipo mji mdogo wa Harpers Ferry, pale Mto Shenandoah unapoungana na Potomac. Waendesha baiskeli huvuka kwa miguu juu ya daraja la reli, na hakuna anayepaswa kupita bila kuvuka. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, John Brown, Mzungu aliyeuchukia utumwa kwa moyo wake wote, aliingia hapa na wafuasi wake kuteka kiwanda cha silaha cha serikali. Alikuwa na watu 21, watano kati yao weusi. Nia yake ilikuwa kuwapa watumwa bunduki wajikomboe. Mmoja wa wale watano alikuwa Dangerfield Newby, aliyekuwa huru mwenyewe, lakini mkewe Harriet na watoto wao walikuwa bado mali ya mtu huko Virginia. Newby aliuawa kabla ya wenzake wote. Mwilini mwake zilikutwa barua za mkewe akimsihi aje amkomboe kabla hajauzwa. Brown alikamatwa tarehe 18, akanyongwa tarehe 2 Desemba, na miezi 16 baadaye nchi ilikuwa vitani.

Kilomita chache mbele, karibu na kijiji cha Sharpsburg, vita hivyo vilifika kilele cha umwagaji damu. Tarehe 17 Septemba 1862, kando ya kijito cha Antietam, watu wapatao 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja. Juu kidogo ya njia ya baghala liko pango la Killiansburg, ambamo wanakijiji walijibanza mizinga ikinguruma. Jeshi la Kusini, chini ya Jenerali Lee, lilirudi nyuma kwa kuuvuka mto huu huu, usiku. Leo kuna mahindi, maboma ya mawe na kimya cha mashambani. Uwanja wa vita uko umbali mfupi kwa baiskeli, na unastahili nusu siku.

Williamsport, kwenye kilomita ya 160, una jambo lisiloonekana mahali pengi: daraja la maji la Conococheague limetengenezwa upya na kujazwa maji, na tangu 2019 mashua ya kutembeza wageni inaweza kupita juu yake. Kabla ya kufika hapo kuna sehemu ambapo mfereji haukuchimbwa kabisa, mashua zikateremshwa kwenye mto wenyewe. Njia yake ililiwa na mafuriko hata ikafungwa kwa miaka, mpaka ilipojengwa upya kwa zege ukingoni mwa mwamba na kufunguliwa 2012. Maji yako hatua moja tu kutoka kwenye gurudumu.

Hancock ni kituo cha kupumzikia, na pia ni mahali pa kufikiri. Hapa jimbo la Maryland limebanwa kiasi cha kubaki na upana wa kilomita kama tatu tu, kati ya Potomac na mpaka wa Pennsylvania. Kabla ya 1864 Maryland ilikuwa jimbo la utumwa na Pennsylvania haikuwa. Kwa aliyetoroka kutoka Virginia na kuuvuka mto usiku, uhuru ulikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, ingawa hata huko Pennsylvania sheria iliwaruhusu wawindaji wa watumwa kumfuata. Kwa wengine, njia ya baghala ilikuwa mwongozo wa kuelekea kaskazini.

Kisha milima inakaribia, vijiji vinaadimika, na mto unaanza kujipinda mno. Ili kukwepa mizunguko ya takriban kilomita 10, wahandisi waliamua kutoboa mlima. Handaki la Paw Paw lilianza 1836. Mkandarasi, Lee Montgomery, aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, alidhani miaka miwili ingetosha. Mwamba ukawa wa kubomoka, fedha zikakatika, wafanyakazi wasiolipwa wakazusha fujo, kazi ikasimama kwa miaka kadhaa, na Montgomery akafilisika. Handaki lilikamilika 1850, baada ya miaka 14. Lina urefu wa mita 950, na ndani limejengewa karibu matofali milioni 6.

Kuingia humo ni jambo la kukaa moyoni. Mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma, maana njia ni nyembamba, ina madimbwi, na giza ni totoro hata adhuhuri. Uwazi wa upande wa pili huonekana kama senti. Matone huanguka kutoka darini. Mkono ukishika ukingo wa mbao unaotenganisha njia na maji, unagusa mifuo ya kamba, ileile ya kwenye malango. Mashua mbili zisingeweza kupishana humu. Inasimuliwa kwamba manahodha wawili walikutana katikati na kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa, hadi watu wa kampuni walipowasha moto wa mabua mabichi upande wa upepo ili moshi uwatoe. Kweli au chumvi, hadithi hiyo inaaminika vizuri zaidi kwa aliyesimama mle ndani.

Cumberland ndio mwisho wa mfereji, na ni mwanzo wa njia nyingine. Pale ambapo wachimbaji waliishiwa fedha, reli za zamani zilizong'olewa zimeachia tuta lililogeuzwa kuwa Great Allegheny Passage, kilomita 241 hadi Pittsburgh, iliyokamilika 2013. Inapanda hadi mita 729, kwenye mgawanyo wa maji yanayokwenda Atlantiki na yale yanayokwenda Ghuba ya Mexico, kisha inateremka. Kwa hiyo safari ya Washington hadi kwenye Mto Ohio, ile ambayo mfereji haukuiweza, leo inawezekana kwa baiskeli: kilomita 538 bila kuingia barabara kuu. Miji kama Hancock na Cumberland, iliyowahi kuishi kwa makaa ya mawe, sasa inapokea wageni wenye kofia za plastiki na matope miguuni, wanaotafuta kitanda, supu na fundi wa pancha.

Kuna mambo ya kujiandaa nayo. Sehemu nyingi zimemwagiwa kokoto zilizosagwa, lakini mahali ambapo bado ni udongo mtupu, mvua ya siku moja hugeuza njia kuwa tope la kunata, na mizizi ya miti husukuma juu pasipotarajiwa. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 24 kwa saa, na waenda kwa miguu hupewa nafasi kwanza. Kila baada ya kilomita kadhaa kuna uwanja mdogo wa kulala kwenye hema, wenye choo na pampu ya maji ya mkono. Usiku mmoja tu kwa kila uwanja, na anayewahi ndiye anayepata. Mikono ya pampu huondolewa majira ya baridi. Baadhi ya nyumba za walinzi wa malango hukodishwa kwa kulala, nyingine zikiwa hazina umeme wala maji ya bomba, jinsi walinzi wenyewe walivyoishi. Kiangazi kuna mbu na kupe, na kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni mtu hujikagua miguu. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba majani yanapobadilika rangi. Wengi huigawa safari kwa siku nne hadi sita.

Maelfu ya Waafrika Mashariki wanaishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, na njia hii iko mlangoni kwao. Kuingia ni bure karibu kila mahali, isipokuwa kupitia lango la Great Falls. Asiyetaka kwenda na kurudi akate tiketi ya treni ya Amtrak kutoka Union Station hadi Cumberland, na aiwekee baiskeli nafasi mapema, kwa sababu hujaa. Achukue tochi kwa ajili ya Paw Paw na tyubu mbili za akiba, na aangalie kwanza matangazo ya hifadhi, maana baada ya mafuriko vipande vya njia hufungwa. Kutoka Cumberland, malango yote 74 yanateremka kuelekea Washington.